Tabo inavuja upepo: anza na dalili, usianze na kununua spea

Kabla hujashika spana elewa kitu kimoja, geji ya busti (presha ya upepo ambao tabo, yaani turbo, inausukuma kuingia injini) kuonyesha bar 1 kama siku zote haimaanishi upepo hauvuji. Gari yenye kontrola ya busti ya umeme inafukuzia namba, kompyuta ikiona haijafika inaibana westigeti (kimlango kinachopitisha moshi wa ekzosi pembeni ya tabo) zaidi, tabo inazungushwa kwa nguvu zaidi mpaka namba itimie. Wewe unaona bar 1 yako iko palepale unasema niko salama, kumbe tabo inakimbia kama punda anayechapwa, upepo unatoka wa moto na gari haivuti kama zamani. Kama una rekodi za safari za nyuma angalia asilimia ya kazi ya solenoidi (valvu ya umeme) ya westigeti, ikiwa zamani ilitosha 45 na sasa inataka 65 kupata busti ileile, na hujagusa tyuni (mpangilio wa kompyuta ya injini), tayari una jibu hata kabla ya kufungua boneti.

Na mimi siongei kama malaika. Nilishabadilisha plagi, nikabadilisha koili, nikaanza kuiangalia pampu ya mafuta kwa jicho baya, wiki tatu nzima, kumbe ni kile kiungo cha T cha plastiki nilichoweka mwenyewe siku nafunga geji ya busti. Nilikiweka kwenye kimpira cha blowofu (valvu inayoachia upepo wa tabo ukitoa mguu kwenye mafuta), kikapata ufa mwembamba kama unywele, blowofu ikawa haipati presha kamili ya kuishikilia ifunge, basi kila nikikanyaga inaachia kidogo kidogo. Kwa hiyo sheria ya kwanza: anza na kile kilichoguswa mara ya mwisho. Gari iliyofanyiwa modifikesheni haivujii pale kiwanda kilipofunga, inavujia pale mimi na wewe tulipofunga.

Jua gari yako inapimaje hewa

Hili watu wanaliruka halafu wanabishana. Injini zenye MAF (kipimo cha kiasi cha hewa inayoingia) kama SR20DET, RB25DET au EJ205 zinahesabu hewa mwanzoni, pale baada ya filta. Mafuta yanapangwa kwa hesabu hiyo, sasa upepo ukitorokea njiani baada ya tabo, mafuta yameshamwagwa kwa ajili ya hewa ambayo haijafika, unapata moshi mweusi na harufu ya petroli. 1JZ-GTE inatumia MAP, inapima presha ndani ya manifodi (bomba linalogawa hewa kwenye silinda), kwa hiyo ikivuja kabla ya throto (kimlango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga mafuta) mafuta yanabaki sawa tu, unachopoteza ni nguvu na tabo inateseka kimyakimya. Ndo maana mmoja atakwambia "ikivuja lazima uone moshi" na mwingine hajawahi kuona moshi maishani, wote wako sahihi.

Sehemu ya kati ya MAF na mdomo wa tabo ni habari nyingine kabisa. Pale hakuna presha, kuna kufyonza. Tundu pale linaingiza hewa isiyohesabiwa, mafuta yanapungua, na vumbi lisilopita kwenye filta linakwenda moja kwa moja kuzila bleda za tabo.

DALILI: gari nzito, tabo inachelewa kuamka, unasikia "pssss" ukikanyaga

Kinachoongoza kwa mbali ni mpira wa silikoni uliochomoka nusu au klempu iliyolegea. Zima gari, acha ipoe, shika kila mpira kwa mkono uuzungushe. Ukizunguka tu, huyo ndiye. Usidanganyike kwa sababu klempu inaonekana imebana, wakati mwingine klempu imebana mpira vizuri sana ila mpira haujabana bomba, umekaa nje ya ule ukingo ulioinuka mdomoni mwa bomba. Na kama bomba lako lilichomelewa mtaani likaachwa laini bila ukingo wowote, klempu yoyote duniani itashindwa siku ukipandisha busti, lirudishe likatengenezwe ukingo.

Tafuta pia doa jeusi la mafuta lililoshika vumbi. Ndani ya mabomba huwa kuna ukungu wa oili, upepo ukitoka unatoka nao, basi panapovuja panajichora penyewe. Na oili hiyohiyo ndo inafanya mpira uteleze, kwa hiyo ukirudishia usirudishe kikavu juu ya uchafu, futa ndani ya mpira na nje ya bomba kwa breki klina, acha pakauke kabisa, halafu klempu ikae nyuma ya ukingo siyo juu yake. Klempu za boliti ya T ni bora kuliko zile za mkanda wenye matundu, zile matundu yake yanakula silikoni taratibu mpaka unakuta mpira umekatika duara zima. Usikaze kama unamkomoa mtu, ukiona mpira umetoa ulimi pembeni ya klempu umeshapitiliza.

Mpira uleule ukichomoka mara ya pili na ya tatu acha kulaumu klempu. Angalia mauntini (vishikizo) za injini. Injini ikikanyagwa inapinduka, intakula (rejeta ya kupoza upepo) imefungwa kwenye bodi haisogei, mpira uliopo katikati ndo unavutwa. Mauntini zikiwa zimechoka, au mabomba mawili hayatazamani sawasawa na mpira ndo unalazimishwa kuyaunganisha, utakaza mpaka uzeeke. Weka breketi ya kushikilia bomba, au mpira wenye nundu katikati unaoweza kucheza.

Cha pili ni blowofu au ile inayorudisha upepo kwenye inteki (njia ya hewa ya kuingilia). Ing'oe, ipulizie au ifyonze kwenye kitundu cha juu kwa pampu ya mkono, ikishindwa kushikilia dayaframu imechanika. VW na Audi za mwanzo zenye 2.0 TFSI hili ndo lilikuwa tatizo lao, dayaframu inachanika, baadaye zikaja za pistoni. Blowofu za kopi zina ugonjwa wao, springi laini mno, kwa busti ya kiwandani zinafunga vizuri, ukiongeza zinaanza kupumua zenyewe.

Cha tatu intakula, hasa zile zenye vichwa vya plastiki vilivyobanwa kwenye alumini. Vinafungukia kwenye ule mshono. Jiwe la barabarani nalo lipo. Ukiishuku ishushe, ziba midomo miwili, tia upepo mdogo, izamishe kwenye maji uhesabu mapovu.

Baada ya hapo ndo uje kwenye vitu vidogo: sili za shafti ya throto (wenye 4G63 wanazijua sana hizi), oringi za noseli (vipulizia mafuta), gasketi ya manifodi. Zipo, ila mtu akikwambia gasketi kabla hajagusa hata klempu moja, mshukuru uondoke.

Kupima kwa upepo, hapa usiwe na haraka

Kuangalia kwa macho kunakamata zile kubwa. Nyingine hazifunguki mpaka zipate presha, ukiwasha gari ikiwa imesimama huzisikii hata uweke sikio juu yake. Dawa ni kizibo kinachobana kwenye mdomo wa tabo, chenye valvu kama ya tairi, kompresa yenye regyuleta, na chupa ya maji ya sabuni. Vile vipampu vidogo vya kujazia tairi vya kuchomeka kwenye gari havitoshi, injini yenyewe inapitisha upepo kwenye ringi za pistoni kila sekunde na kipampu hakiwezi kushindana nayo.

Injini imezimwa, imepoa, gia nyutro, hendibreki juu, funguo mfukoni. Ng'oa filta pamoja na MAF, weka kizibo kwenye mdomo wa tabo wenyewe, usikiweke kule mbali kwenye bomba la filta. Lile bomba halikutengenezwa kubeba presha, na kwenye gari nyingi mpira wa kupumulia injini umeunganishwa hapo, ukijaza upepo hapo unaujaza moja kwa moja kwenye krenki (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na unaweza kuzitoa sili za krenki. Fungua na kifuniko cha oili ili upepo unaopita kwenye ringi upate pa kutokea.

Anza psi 5. Sikiliza. Halafu 10, halafu 15. Usipite busti unayotembelea kila siku, na hata kama unatembelea kubwa usipite 20, hatupimi ubavu hapa tunatafuta tundu. Kaa pembeni ya kizibo usikae mbele yake, kikichomoka kinaruka kama kifuniko cha chupa ya soda iliyotikiswa, na uso wako hauna spea. Na kamwe usijaribu kuwasha gari kizibo kikiwa mle.

Sasa unayasikia mambo. Upepo kidogo kutoka pale kwenye kifuniko cha oili ni kawaida. Ukitoka kwa kishindo inawezekana valvu ya njia moja ya PCV (mfumo wa kupumulia krenki) imekufa na busti yako yote inaingia kwenye krenki, hiyo ni mbaya kwa sababu inasukuma oili kutoka kila sili. Ukisikia unatokea kwenye ekzosi, silinda moja imesimama huku valvu za inteki na ekzosi ziko wazi zote, toa presha kwanza, zungusha krenki kidogo kwa spana, jaza tena. Blowofu ikipumua usiihukumu haraka, throto ikiwa imefungwa upepo unachelewa kufika manifodi na ile blowofu inasubiri presha kutoka manifodi ndo ijifunge, mwambie mtu aishikilie throto wazi kisha uangalie upya.

Maji ya sabuni ni kwa matundu madogo. Tundu kubwa halitoi povu, linalipuliza tu lote, watu wanapitiliza kwa sababu hawaoni povu. Tumia mgongo wa mkono uliolowa, unahisi baridi kabla hata sikio halijasikia.

Ukikuta la kwanza usishangilie ukafunga boneti. Rekebisha, jaza tena, tafuta. Kuna gari moja nilikuta matundu manne, na lile lililokuwa linapiga kelele kuliko yote lilikuwa dogo kuliko yote. Usitegemee presha ikae kama tairi, itashuka tu, unachotaka ni ishuke taratibu na usisikie chochote nje ya injini.

Mashine ya moshi nayo ni nzuri, hasa kwa vimpira vya vakyumu, ila inasukuma kwa presha ndogo sana, tundu linalofunguka kwa psi 15 litakucheka.

DALILI: moshi mweusi ukikanyaga, na gari inataka kuzima ukiachia mafuta ghafla

Hii ni dalili ya gari za MAF. Swali la kwanza, je umefunga blowofu ya kutolea nje ile ya "pshaaa"? Basi si ugonjwa, umeununua mwenyewe. Upepo uliohesabiwa unatupwa nje, mafuta yake yanabaki ndani, gari inakabwa. Irudishie kwenye inteki au utyuni kwa mfumo unaosoma MAP. Kama hukufunga, rudi kwenye mipira na blowofu iliyokwama wazi, halafu usafi wa MAF yenyewe kwa dawa yake maalum (siyo breki klina, na usiiguse kwa kidole), mwisho kabisa ndo presha ya mafuta na noseli zinazovuja. Kodi ya P0172 (mafuta yamezidi) ikija pamoja na P0299 (busti haitoshi) mimi naenda kwenye mabomba moja kwa moja bila kujadiliana. Kwenye dizeli moshi mweusi pamoja na uzito maana yake ni hiyohiyo, upepo haufiki.

DALILI: sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) inapanda na kushuka, au kodi ya P0171 (mafuta machache kuliko hewa)

Hapa tundu linavuta hewa ndani badala ya kutoa. Vimpira vya vakyumu kwanza, vile vyembamba vilivyokauka miishoni, kata sentimita moja urudishie, mara nyingi inatosha. Halafu bomba la kabla ya tabo, kwenye Subaru nyingi limejificha chini ya manifodi ya inteki na linachanika upande usiouona. Kisha gasketi ya manifodi na oringi za noseli. Geji ya vakyumu inasaidia, injini yenye kemushafti (shafti zinazofungua valvu) za kiwandani ikiwa imeshapata moto inakaa kama inchi 18 hadi 20 za zebaki, ukiona 14 na sindano inacheza kuna kitu. Kemu kali zinashusha namba hiyo zenyewe kwa hiyo usiogope kabla hujajua nini kiko ndani.

Pedali ya breki ikiwa ngumu pamoja na sailensa mbovu, kimpira kinachoenda kwenye sevo ya breki ndo kinavuja. Usiiendeshe hiyo gari, hata kuipeleka gereji, ivutwe.

Na ile tabia ya kupulizia kabureta klina kwenye manifodi injini ikiunguruma ili usikie mlio ukibadilika, najua inafanya kazi, ila pembeni kuna tabo na ekzosi vya moto vinavyoweza kuiwasha. Acha.

DALILI: busti inapanda vizuri halafu inaanguka RPM zikiwa juu

Springi ya blowofu, au mpira unaofunguka ukipata moto na presha kwa pamoja. Kisha kitu ambacho watu hawakiwazii, bomba la kufyonza kabla ya tabo linajibana. Mpira laini usio na waya ndani, RPM zikipanda tabo inafyonza mpaka bomba linakunjamana kama mrija wa juisi, ukisimama kuangalia liko sawa kabisa. Filta iliyojaa uchafu inasababisha hivyohivyo. Ukishamaliza hayo ndo uangalie springi ya westigeti, presha ya ekzosi inaweza kuisukuma ifunguke.

DALILI: busti inapita kiasi

Watu wanashangaa, kuvuja kunaongezaje busti? Kama kinachovuja ni kile kimpira kinachopeleka presha kwenye westigeti, westigeti haipati habari kwamba busti imefika, inabaki imefunga. Geji inapita bar 1, inapita 1.2, inaendelea. Achia mafuta hapohapo, usitake kuona itaishia wapi. Angalia kimpira hicho, viungo vya solenoidi (mara nyingi vimepachikwa kinyume baada ya mtu "kusafisha"), halafu dayaframu ya akchueta (kile kinachoisukuma westigeti). Weka vibano vidogo kwenye kila mwisho wa kimpira, hata kama kinaonekana kimekaa.

Vinavyojifanya kuvuja

Plagi. Busti ikipanda cheche inazimwa na presha, gari inamisi juu huku chini iko safi, mtu anavua intakula bure. Injini nyingi zilizoongezwa busti zinataka mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7 hivi, jaribu hilo mapema maana ni kazi ya nusu saa. Kuvuja kwa ekzosi kabla ya tabo nako kunachelewesha tabo kuamka, utasikia tiki-tiki asubuhi injini ikiwa baridi inayopungua ikipata moto. Na kimlango cha westigeti kisichofunga mpaka mwisho, hapo upepo ni mzima kabisa, ila moto wa ekzosi unapita pembeni badala ya kusukuma tabo.

Hapa zima, muite anayejua

Ukisikia injini inagonga kama kokoto kwenye kopo ukiwa kwenye busti, imetosha. Ukiwa na waidibandi (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta) kwenye injini ya petroli na inapanda kwenda 13, 14 wakati busti ipo, achia mafuta, hayo ndo mazingira ya kutoboa pistoni, na kagua kimpira cha regyuleta ya mafuta kinachotoka manifodi kwa sababu kikichomoka presha ya mafuta haipandi na busti. Tabo inayolia kama king'ora, shafti inayocheza mpaka bleda zinagusa nyumba, vipande vya chuma ndani ya bomba, oili iliyotuama kwa vikombe chini ya intakula, moshi wa bluu, hayo si ya maji ya sabuni. Kwenye dizeli oili ikishajaa kwenye intakula injini inaweza kuanza kuichoma yenyewe ikapanda RPM hata ukitoa funguo, kwa hiyo usiiwashe kujaribu. Harufu ya petroli karibu na tabo, hata kidogo, hakuna kuendelea.

Na ukishaziba kila kitu usikimbilie kukanyaga mpaka chini. Tyuni yako huenda iliandikwa gari ikiwa inavuja, ile asilimia ya westigeti iliyokuwa inatoa bar 1 kwenye mabomba yenye matundu inaweza kutoa zaidi kwenye mabomba yaliyoziba. Shusha busti mpaka ya springi tu, nenda gia ya tatu, rekodi, angalia mchanganyiko na kugonga, panda kidogo kidogo. Ikikaa sawa mpelekee aliyekutyunia rekodi zote mbili, ya kabla na ya baada, aanze upya kutoka hapo.